Mti Uliopelekwa Kutibiwa Nje

Ipo nchi moja, na usiniulize ni ipi, maana baada ya hapo atakayeulizwa maswali ni wewe. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina utulivu, ina bendera kubwa kuliko ya jirani. Na inapenda miti! Jamani, hakuna nchi inayopenda miti kama ile. Miti imo kwenye noti, imo kwenye nembo, imo kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, na kila ofisi ya serikali imepigwa mbao za mninga kutoka sakafuni mpaka darini ili wafanyakazi wasiyasahau mazingira.

Katika nchi hiyo kuna kijiji kinaitwa Mvujoni. Juu yake kulikuwa na kilima chenye msitu, na ubavuni mwa kilima palikuwa na chemchemi. Watu wa Mvujoni hawakuwa na bomba wala kisima, walikuwa na chemchemi hiyo tu, ndiyo kunywa, ndiyo kupikia, ndiyo kuogea. Aliyekaa jirani nayo kuliko wote ni Bi Sikudhani, mjane mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Alilima mchicha pale maji yanapochuruzika, na kwa mchicha huo akalea watoto saba. Wote walitoka na akili zao, isipokuwa mmoja aliyekwenda kufanya kazi wizarani.

Mwaka huo bahati iliiangukia Mvujoni. Na bahati, ikianguka kutoka juu sana, huumiza. Ilitangazwa kwamba Siku ya Miti Baba Mlezi angekuja kupanda mti pale chemchemini kwa mkono wake mwenyewe. Baba Mlezi ndiye mkuu wa nchi hiyo. Zamani aliitwa rais, lakini cheo kikaonekana kinambana.

Wiki chache kabla yake akatangulia Waziri Shangilia, Waziri wa Miti, Mawingu na Viumbe Vinginevyo, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Alikuja na misumeno. Bi Sikudhani alikuwa kwenye mchicha wake aliposikia msitu unalia, akatupa jembe, akapanda kilimani mbiombio, kanga inampepea.

"Mheshimiwa Waziri! Msitu mnaukatia nini?"

"Mama, wageni maelfu wanakuja kuona mti ukipandwa," Waziri akamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Sasa wataonaje, na miti yote hii imewazibia?"

Mtu akikujibu hivyo utamwambia nini? Basi upande mmoja wa kilima ukaondoka ili watu waone, wa pili ukawa jukwaa na viti vya wageni, na matawi yakageuzwa mkaa wa kuchomea mbuzi. Ila ile siku yenyewe ilifana, tusiseme uongo.

Mti ulioletwa ulitoka nchi za baridi, ndani ya sanduku la barafu, mwembamba, umejikunyata. Baba Mlezi akauweka kwenye shimo, akaumwagia maji kwa birika la fedha, akafutwa mikono na watu wawili. Kisha akautazama, machozi yakamlengalenga. Kwa sheria ya nchi ile, chochote alichokipanda Baba Mlezi kwa mkono wake ni mwanawe wa kumzaa. Ana haki za mwana, ana ulinzi wa mwana, na anayemvunjia heshima amemvunjia baba yake.

"Ni binti," Baba Mlezi akatangaza. "Namwita Ustawi."

Vigelele! Bendi ikapiga, mizinga ikalia, ndege waliobaki wakahama.

Waziri Shangilia akashika kipaza sauti. "Sasa, ndugu wananchi, nani kati yenu ni mlezi hodari, wa kumtunza binti huyu?"

Watu wa Mvujoni, ambao kwa kusukumia jirani mzigo hawana mpinzani, wakajibu kwa sauti moja: "Mama Mwasiti!" Huyo ndiye Bi Sikudhani, kwa jina la kifunguamimba wake. Palepale akavalishwa sare ya kijani na kofia yenye kishada, akawa Yaya wa Taifa. Akauliza ujira ni nini. Akaambiwa ni heshima. Mpaka leo haijafika.

*

Ustawi hakupendezwa na Mvujoni. Jua lilimchoma kutwa, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimekwenda kuwa viti. Bi Sikudhani alimwekea kanga yake iwe mwavuli, askari walinzi wakaitoa kwa kuwa ilikuwa na maandishi yasiyopitishwa. Kisha wakakata miti mingine wajenge uzio wa kumlinda binti dhidi ya upepo, ambao siku hizo ulikuwa umeanza kuvuma moja kwa moja, wala hakuna aliyejua kwa nini.

Majani yakawa manjano. Yakawa hudhurungi. Bi Sikudhani akaazima simu ya askari, akampigia Waziri.

"Mheshimiwa, mtoto anakauka."

"Nyamaza!" Waziri akashtuka. "Neno hilo usilirudie. Mtoto wa Baba Mlezi hakauki. Amepungua mwili kwa ajili ya majukumu mazito ya kitaifa."

Jioni redio ikasema Ustawi ni mzima wa afya, na kwamba kwa hiari yake ameamua kuyapumzisha majani yake. Kesho yake Waziri akafika mwenyewe na Daktari Ngwali, tabibu wa miti, kijana aliyesoma mpaka nywele zikamkimbia. Daktari akachutama, akashika shina, akakitazama kile kilima kilichonyolewa. Akamwinamia Bi Sikudhani.

"Mama, huyu hakupaswa kuletwa huku. Na hii chemchemi yenu, msitu ukiisha nayo..."

"Unasemaje, Daktari?" Waziri akauliza.

"Nasema hospitali zetu hazina vifaa, Mheshimiwa."

"Ndivyo nilivyofikiri. Apelekwe nje!"

Hapo hakuna aliyeshangaa. Katika nchi ile mkubwa akipiga chafya hupelekwa nje, seuze binti wa Baba Mlezi. Shida ilikuwa ndege itatua wapi. Wakatazama huku na huku, wakaona sehemu ya msitu iliyobaki imekaa vizuri, imenyooka, inafaa kabisa kuwa uwanja. Misumeno ikarudi. Ustawi akapandishwa ndegeni juu ya machela, ametundikiwa dripu, na msafara wake: Waziri Shangilia akiwa mkuu wa msafara, mkewe, dada wa mkewe, msusi wao, na kwaya ya kumfariji mgonjwa.

Wiki hiyohiyo Mwasiti, binti wa Bi Sikudhani, alirudi kwao kuja kujifungua, kama ilivyo ada. Miguu ilikuwa imemvimba. Wakaenda naye polepole mpaka zahanati, na muuguzi, mtu mwema aliyechoka, akamwambia siku ikifika aje na glavu zake, wembe wake na imani yake. Wakati wanarudi ile ndege ikapita juu ya vichwa vyao.

"Mama, ule mti utapona kweli?" Mwasiti akauliza.

"Utapona, mwanangu. Una watu."

*

Ustawi akarudi. Na alivyorudi, loo! Alikuwa amerefuka, amenawiri, kijani kibichi, anang'aa mpaka macho yanauma. Waziri Shangilia akasimama kwenye jukwaa, jasho la furaha linamtiririka.

"Ndugu wananchi! Walisema hatapona! Mtazameni! Madaktari bingwa wa ng'ambo wamefanya kazi ambayo Mungu mwenyewe angeipigia makofi. Hadondoshi jani hata moja! Haogopi jua! Haliwi na mchwa! Hii ndiyo afya tunayoitaka kwa kila mwananchi!"

Bi Sikudhani akasogea kumpokea mwanawe wa kulea. Akashika jani, likalia kwaru. Akanusa. Ustawi alikuwa ananukia ndala mpya.

"Mheshimiwa Waziri," akaanza, "mbona huyu ni wa pla..."

Daktari Ngwali akapatwa na kikohozi kikubwa sana. Bi Sikudhani akageuka, akawaona watu wa Mvujoni wote wanatazama vidole vyao vya miguu. Ndiyo akili ya nchi ile: jambo wanalolijua wote, halisemwi na hata mmoja.

"Wa nini, mama?" Waziri akauliza.

"Wa pekee," Bi Sikudhani akajibu.

"Hasa! Na kwa kuwa ametoka kuugua, anahitaji maji mengi. Debe mbili asubuhi, debe mbili jioni. Akikosa, ni wewe na sheria."

Sasa, tatizo dogo. Chemchemi ya Mvujoni, iliyobubujika tangu mababu, ilianza kukata maji. Sababu haijulikani. Iliundwa tume kuichunguza, na ripoti ya kwanza ya tume iliomba meza za mbao ngumu. Yale maji yakawa uzi, uzi ukawa matone. Ukikinga tangu alfajiri unapata debe nne na kidogo juu yake. Debe nne zilikuwa za Ustawi. Hicho kidogo juu yake ndicho kilichogawanywa kijiji kizima, na watu wakaanza kufunga virago, mmoja mmoja, bila kuaga.

Mchicha wa Bi Sikudhani ukafa. Akausamehe. Halafu Mwasiti akajifungua salama, mtoto wa kike, analia kwa nguvu, ana nywele tele. Mzazi anataka kukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Anataka uji. Mtoto anataka kuogeshwa. Na Bi Sikudhani, mwenye sare ya taifa, anatoka nyumbani ameacha kopo moja la maji, anakwenda kumwaga debe mbili kwenye miguu ya plastiki huku askari anamhesabia.

"Yamwage yote, bibi. Samahani, ndiyo amri."

Siku moja alirudi ndani, akakaa chini, akavua ile kofia yenye kishada akaitupa uvunguni, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Mwasiti akamnyamazisha yeye na mtoto, wote wawili kwa pamoja.

"Mama, si uwaambie tu ule si mti?"

"Niwaambie nini wasichokijua, mwanangu? Anayejua ukimwambia ndiye anayekufunga."

*

Katika kijiji kizima palibaki mahali pamoja penye unyevu, nao ni pale miguuni pa Ustawi. Na ndege mmoja, sijui alitokea wapi maana walishahama, alipita akadondosha alichodondosha. Kukachipua mche. Majani mawili, kisha manne, mapana, laini, yakiguswa hayalii kwaru. Bi Sikudhani aliutambua mara moja: mkuyu. Mti wa kukaa na maji. Tangu siku hiyo akawa akimwaga zile debe anauelekeza mkono kidogo pembeni.

Waziri Shangilia akaja kukagua, na Daktari Ngwali nyuma yake. Akamzunguka Ustawi, akamsifu, akapiga naye picha. Mara akaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Nini hiki? Gugu! Linamnyonya mtoto wa Baba Mlezi maji yake! Yaya, ling'oe sasa hivi!"

Bi Sikudhani akainama. Akaushika ule mche kwa vidole viwili. Ndio uhai pekee uliokuwa umebaki juu ya ardhi ile, na ulikuwa unamwangalia. Akasubiri mkono uvute. Mkono ukakataa.

"Siungoi."

"Unasemaje?"

Akasimama taratibu, akijipangusa magoti, akitafuta maneno. Yakamjia. "Mheshimiwa Waziri, mimi nina mikono mingapi hata nimng'oe mjukuu wa Baba Mlezi? Hilo si gugu. Ustawi amejifungua."

Askari mmoja, aliyelelewa vizuri na mama yake, akasema "Hongera" kabla hajajizuia.

Waziri akamgeukia Daktari. "Inawezekana?"

Daktari Ngwali akaona njia mbili. Moja ilikuwa kusema plastiki haizai, na mwisho wa njia hiyo aliuona, ulikuwa na nondo. "Kitaalamu, Mheshimiwa, kiumbe hai huzaa," akasema. "Kama kuna anayesema Ustawi si kiumbe hai, ajitokeze tumwandike jina."

Hakujitokeza mtu. Uso wa Waziri ukachanua. "Mjukuu! Baba Mlezi ana mjukuu! Hii ni sherehe ya kitaifa! Jukwaa! Mbuzi! Mageti ya maua!" Akawa anazungusha macho akitafuta mbao. Kilimani hakuna. Bondeni hakuna. Macho yakatua kijijini. "Hizo nyumba zenu, milango yake ni ya mbao?"

Hapo ndipo Bi Sikudhani alipoogopa kweli. Alijifunga kibwebwe moyoni, akasogea karibu, akashusha sauti kama wanavyoongea watu wazima juu ya aibu ya nyumba.

"Sherehe ni njema, Mheshimiwa. Ila kwenye sherehe watu watauliza. Baba wa mtoto tumtaje nani?"

"Baba?"

"Maana Ustawi hana mume, kila mtu anajua. Hapa alilindwa na askari usiku na mchana, hakuingia hata panzi. Alitoka mara moja tu, alipokwenda nje kutibiwa. Sisi tulimpokea hivyohivyo. Sijui mkuu wa msafara alikuwa nani."

Wote wakamtazama mkuu wa msafara. Jasho la safari hii halikuwa la furaha. Waziri Shangilia alijiona mbele ya Baba Mlezi, akieleza jinsi alivyokabidhiwa mwari mgonjwa akamrudisha mjamzito, wakati yeye na mkewe na dada wa mkewe walikuwa madukani. Akaketi kwenye debe.

"Mama yangu," akasema, na lilikuwa neno la kwanza la kweli kulitoa Mvujoni, "tufanyeje?"

"Kwani wewe hukulelewa? Hata mimi binti yangu yumo ndani sasa hivi na kichanga chake. Mzazi hatolewi nje. Haji mgeni, haji mwenye jicho baya, haletwi kelele. Mpaka arobaini. Wafungie na hawa. Kilima chote, juu mpaka chini. Asikanyage askari, asikanyage mwenye shoka, asije hata mkubwa na kipaza sauti. Mtoto akipatwa na kijicho nitasema nani aliingia."

"Siku arobaini ni chache, mama. Zikiisha je?"

"Siku za nani, Mheshimiwa? Hesabu ya mti si ya mtu. Daktari, mti ukiukata, ile pete ndani ya shina huongezeka moja kila baada ya muda gani?"

"Mwaka," Daktari Ngwali akasema, akiziba mdomo kwa kiganja.

"Basi huo mwaka ndiyo siku yake moja."

Waziri Shangilia akapiga hesabu, na uso wake ukanawiri taratibu, kama unavyonawiri uso wa kiongozi yeyote anapogundua kwamba tatizo litaivia mikononi mwa mwingine. Miaka arobaini! Atakuwa amestaafu. Atakuwa na barabara yenye jina lake. Huenda hata atakuwa amekufa, jambo ambalo kwa mara ya kwanza lilimpa faraja.

"Na zile debe za maji?" akauliza, akiinuka.

"Astaghafirullah! Mzazi apewe maji baridi? Mnataka kumuua? Huyo atapanguswa na kitambaa tu, basi. Kichanga niachieni mimi, si ndiyo kazi mliyonipa?"

*

Askari waliondoka siku hiyohiyo. Mlimani ukawekwa mnyororo na kibao: HAKUNA KUINGIA, KWA AMRI. Redio ikatangaza kwamba Ustawi, baada ya kupona, amejiunga na masomo ya juu, na wananchi wakaombwa wasimsumbue. Wakatii. Kwenye kile kilima kilichoachwa na watu, visiki vikaanza kutoa machipukizi, nyasi zikarudi kwa wizi, na chemchemi, ambayo haikupata taarifa ya matokeo ya tume, ikaongeza tone, kisha tone. Waliohama wakaanza kurudi, nao bila kuaga.

Ustawi naye amepata kazi. Bi Sikudhani hukwea mlima na beseni lake, akamtundikia nepi za mjukuu wake, na lazima tukiri zinakauka vizuri. Maji ya kumwogeshea mtoto huyamwagia mkuyu. Mkuyu huo umeshamfika Bi Sikudhani magotini.

Yeye mwenyewe anajua hesabu. Arobaini ya mti ikiisha, mifupa yake itakuwa chini muda mrefu, na wakubwa wengine, wenye tumbo lilelile na vicheko vilevile, watakata ule mnyororo na kupanda na misumeno kuja kumtoa mtoto nje. Jambo hilo linamuuma, wala hafichi. Kwa hiyo kila jioni humpakata mjukuu wake, ambaye hata shingo bado haijakaza, akamgeuzia uso kilimani, akamfundisha maneno atakayowajibu siku hiyo.

"Haya, mama, sema na bibi: bado hajatoka arobaini."